Inapapasa

Binti yangu husema mimi sijui kukaa. Kweli. Hata nikimsokota nywele jikoni kwetu Bredäng, yeye chini kwenye mto, mimi kwenye kiti, goti langu linacheza. Nainuka kuangalia sufuria isiyo na kitu. Nafungua dirisha, nalifunga.

Jumapili hiyo alikuwa anajizoeza maneno atakayowaambia walimu wake wa chuo kikuu kule Flemingsberg. Anamaliza masomo ya vitu vidogo vya ndani ya mwili, na alitaka nije nimsikilize. Sikuwa nimekubali. Darasani mimi siingii. Alipokuwa mdogo, mikutano ya wazazi niliisikilizia koridoni, koti mwilini.

"Hapo hapo, Mama," akasema. "Huo msokoto ndio DNA. Nyuzi mbili zimezungukana. Pitisha kidole katikati. Kuna mfereji, siyo?"

"Upo."

"Basi protini inapita humo. Haifumui kitu. Inateleza juu juu, inagusa, inagusa, mpaka itambue mahali pake."

Nikauachia msokoto.

"Usiseme kutambua."

"Lakini ndivyo inavyoitwa! Kwa Kiswidi wanasema känner igen."

"Sema hicho Kiswidi. Kutambua usiniletee hapa."

Anajua kidogo yaliyonipata shuleni, hajui yote. Basi naandika. Vita vilipotufikia kule Burundi, aliyetutoa darasani alikuwa mwalimu wetu wa darasa la sita. Siyo askari, siyo wageni. Yeye, aliyenifundisha kugawanya. Alimshika kila mtoto pua kwa vidole viwili, kupima kabila, akawaambia wenye mapanga waliosimama mlangoni: "Huyu namtambua. Na huyu." Kwa rafiki yangu wa dawati moja alikosea. Mtoto alilia kwamba yeye si wa hao, na mwalimu aliona, nilimwona akiona, ila alishindwa kurudisha neno lake mbele ya watu. Wakaenda naye. Mimi nilitorokea dirishani, na shule yangu ikaishia hapo. Mwalimu yule alizeeka, akafia kitandani akinyweshwa maji na wajukuu. Kanisani huku wananiambia nisamehe. Wanaolisema sana hilo ni wale waliokuwa wamekwisha kuhama kabla ya vita.

Binti akasema polepole, "Mama, protini ikikosea inaachia. Inashika kwa vijikono vingi, kila kimoja dhaifu. Vikikubali vyote pamoja, ndipo inakaza. Herufi moja tu ya DNA ikiwa siyo, vinalegea, inaenda zake."

"Inaachia yenyewe?"

"Yenyewe. Haivunji kitu."

"Basi ina adabu kuliko mwalimu."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikarudi kichwani kwake kutafuta njia ya nywele kwa ncha za vidole, na hapo neno likanijia.

"Sema inapapasa. Kama mimi hapa. Anayepapasa bado hajajua, anatafuta."

"Nikilisema kwa Kiswahili mbele yao, utakuja?"

"Tutaona."

Siku yenyewe nilienda. Nikachukua kiti cha mwisho karibu na mlango, koti nimelifunga hadi shingoni. Nikatazama madirisha: ni ya vioo vitupu, hayafunguki. Binti alikuwa anaonyesha picha ya msokoto ukutani. Sikusikia kitu. Nikainuka, mkono ukawa tayari kwenye kitasa, ndipo nikamsikia akiwaambia kwa Kiswidi kwamba sentensi moja ataisema kwa lugha ya mama yake.

"Protini ina papasi," akasema.

Papasi! Wale wadudu wa kambi ya wakimbizi Kigoma, waliotunyonya damu kwenye mikeka!

"Inapapasa!" nikapaza sauti. "Papasi ni mdudu, wewe mtoto!"

Vichwa vyote vikageuka. Binti kaziba mdomo, mabega yanatikisika kwa kicheko. "Tack, Mama," akanishukuru. "Inapapasa."

Mwalimu mmoja mwenye mvi akaniuliza kwa Kiswidi neno hilo maana yake nini. Nilimtazama vidole kwanza. Vilikuwa vimeshika kikombe cha kahawa.

"Ni kugusa kabla hujajua," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kukubali, akageukia mbele. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kitasa. Nikauondoa, nikarudi kwenye kiti. Goti likaanza tena kucheza. Nililiacha licheze, nikasikiliza mpaka mwanangu akamaliza.