Televisheni ya Mbithe

Ndululu, mkulima wa Ikutha, alisafiri hadi Kitui kumnunulia mkewe televisheni. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemlaza Mbithe kitandani, kando ya dirisha, na macho yake yalizidi kufifia.

"Televisheni ya plasma ina rangi tamu, mzee, lakini inakula stima sana," Mikail, mwenye duka, alimwambia. "Kama ni sola, na chumba kina mwangaza mwingi, chukua LCD."

Akachukua LCD. Siku ya tatu aliporudi nyumbani, aliiweka karibu kabisa na kitanda, akaiwasha. Kwaya ikaimba.

"Sauti naisikia, Baba Muli," Mbithe alimwambia mumewe. "Sasa washa picha."

Picha ilikuwa inang'aa. Ndululu aliketi, akamshika mkono.

"Wamevaa kanzu nyekundu," alisema.