Mkono Uliodaka Simu

Kabla sijasema aibu yangu, namshukuru Mungu kwamba nipo hai, na namshukuru mke wangu, Mama Koku. Kiharusi kiliponilegeza upande wa kulia, yeye ndiye aliyenilisha ndizi kwa mkono wake na kunifunga vifungo vya shati, huku kahawa yetu hapa Ihanda ikiiva bila mchumaji.

Kila asubuhi mtaalamu wa mazoezi, binti mmoja aliyeko Kayanga, alinipigia simu ya video. Nilifuata maelekezo yake kwa bidii, na siku moja nikiwa peke yangu nikagundua kwamba mkono mgonjwa unashika kikombe. Nilifurahi hadi machozi. Halafu nikanyamaza. Tangu tuoane sikuwahi kubembelezwa namna ile, nami mwalimu mstaafu, mzee mzima, nikanogewa.

Jumatatu iliyopita Mama Koku aliegemeza simu kwenye birika, akamwambia yule binti, "Mwanangu, mkono wa Mwalimu umekataa kabisa. Naogopa."

Nilitaka kuungama, lakini mdomo ulikuwa umejaa ndizi na mkono wa kushoto umeshika chai. Hapo simu ikateleza kuelekea kwenye sufuria ya mchuzi. Nikaidaka.

Kisha sauti ya binti ikatoka kiganjani mwangu.

"Shikamoo, Mwalimu. Huku naona vidole vitupu. Ni vya mkono upi?"

Mama Koku alipiga vigelegele mpaka majirani wakasikia. Alipomaliza, akanikabidhi kijiko.