Majani Juu ya Ndoo ya Mama Anjela

Enzi zetu, wenzangu mliokulia huku juu upande wa Newala, maji yalipewa heshima kuliko mgeni. Mnakumbuka? Unaamka na jogoo wa kwanza, unashuka bondeni na akina mama, unapanga foleni kisimani, unachota kidogokidogo kwa kata mpaka ndoo ijae. Kisha unavunja majani ya mkorosho, unayatandaza juu ya maji yasimwagike njiani, unaanza kupanda mlima. Shingo inazama mabegani. Maji hayohayo mnanawa, mnaosha vyombo, mwisho mnamwagia mpapai. Mtoto wa siku hizi anafungulia bomba, anaenda kutazama simu, ndoo inafurika hadi barabarani. Mkemee uone. "Mama, maji si yapo?"

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini utoto niliusoma mpaka mwisho. Tulicheza rede kwa mpira wa matambara ya mitumba, maana ndiyo miaka mitumba ilipoanza kumwagika na sabuni ya harufu ikaonekana dukani. Tulichimba ming'oko, vile viazi vya porini, tukaichemsha, tukaimenya ikiwa bado inaunguza vidole. Msimu wa mabibo ya mikorosho kila mtoto alitembea na madoa kifuani. Mama alikuwa akiniambia, "Fides, gauni hilo utaolewa nalo, maana mimi sifui tena."

Basi miaka hiyohiyo ya ruhusa kwa kila kitu, vyama vingi vya siasa navyo vikaja. Baba yangu akachukua kadi ya chama kipya. Balozi wetu wa nyumba kumi, Hilari, akabaki na ya zamani. Wote wawili wazee wa kanisa, wote waliimba besi. Haukupita mwezi, kanisa likagawanyika: kadi ya zamani mabenchi ya kulia, kadi mpya kushoto. Padri akisema tupeane amani, mikono haikuvuka njia ya katikati. Nilikuwa na miaka tisa, nikadhani ndivyo ibada ilivyo.

Mama Anjela, mjane jirani yetu, alikaa kulia. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa chama cha zamani, na sauti yake ilitosha kuitisha mkutano bila ngoma. Siku moja alikuwa akipanda kutoka bondeni, akatua ndoo apumzike. Nikanyemelea, nikainua majani, nikatia konzi mbili za mchanga. Aliniona. Hakunipiga wala hakunitukana. Alichungulia ndani, akamwaga, akashuka tena mlima mzima.

Baba aliposikia alicheka akashika mbavu, akanikatia muwa. "Huyu sasa ndiye mwanachama!" Namtaja Baba, Mungu amrehemu, kwa sababu alinifundisha ubaya ukiwa na utamu mdomoni.

Na Balozi Hilari namtaja pia. Kiangazi kile alitangaza kisimani kwamba wenye kadi mpya watachota mwisho. Kisima chetu mnakijua, jua likishapanda, kuchota mwisho ni kuchota tope.

Ndipo mdogo wangu Ester, hajatimiza hata miaka miwili, akashikwa na kuharisha. Mama alikuwa amejikata mguu kwa jembe, hawezi kushuka bonde. Baba yuko Masasi kwenye mikutano anaikomboa nchi, kwake mtungi umekauka. Nikashuka mimi na kidumu. Kila nikisogea mbele, Balozi ananivuta nyuma kwa kola.

"Shikamoo Balozi. Mdogo wangu anaumwa."

"Marahaba. Mwambie baba yako akuletee maji ya chama."

Watu wakacheka. Wengine ni walewale waliokuja kula pilau siku Ester alipobatizwa. Nikarudi na tope. Mama akawa analichuja kwa khanga, Ester macho yameingia ndani, hata kulia hawezi tena.

Saa sita mchana, jua la utosi, tukasikia kelele barabarani. Mama Anjela anakuja na ndoo kichwani, amepita mbele ya nyumba ya Balozi makusudi.

Watu wakamzomea, "Mama Anjela, umepotea njia?"

"Njia naijua."

"Hao si wenzetu!"

Akajibu bila kugeuza shingo, "Ester ana kadi? Haya, nionyesheni kadi ya Ester."

Nilijificha nyuma ya Mama. Akatua ndoo, akanitazama. "Fides, njoo. Majani ondoa wewe."

Nikayaondoa, moja moja. Maji yalikuwa safi mpaka nikauona uso wangu. Tukayachemsha, akatia sukari na chumvi alizofunga kwenye pindo la khanga, yalipopoa akanipa kikombe nimnyweshe mdogo wangu. Kuhusu mchanga hakusema neno, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Alikuja siku nne. Ester yupo hai, ana watoto watatu. Mama Anjela walimvua uongozi. Jumapili iliyofuata, wakati wa kupeana amani, alivuka njia ya katikati akamshika Mama mkono. Alivuka peke yake. Hakuna aliyemfuata.

Mwaka huu bomba letu lilikauka, mimi nikabaki na tangi la mvua. Nani kaja na fimbo na ndoo? Hilari. Mzee sasa, macho hayaoni vizuri. "Mama Nuru, naomba maji." Nilitamani kumwambia akaombe ya chama. Neno lilinifika kwenye meno. Nikaijaza ndoo. Haikuwa na kifuniko, nikavunja majani ya mkorosho nikatandaza juu, nikamwita kijana wa bodaboda ampelekee. Msinisifu. Sijamsamehe. Niliyajaza kwa ajili ya Mama Anjela.

Enzi zetu tulichukiana, tusidanganyane. Ila aliyekuchukia ulimwona kila siku, na aliyekupenda ilibidi apite barabarani watu wakimzomea. Siku hizi wakikosana kwa siasa wanafutana kwenye simu, kila mtu na bomba lake, geti limefungwa. Nani atavuka, na kwa ndoo gani?

Siku ile ya Hilari, binti yangu Nuru alisimama ananitazama. "Mama, majani ya nini kwenye maji?"

Nikamvutia kigoda, nikaanzia kisimani.