Mbeleko ya Hadia

Hadia wa Chundwa hakulia mwanawe alipokufa, na mtaa mzima ukamsema. Wacha waseme, midomo ni yao! Mtoto alikufa kwa homa akiwa mgongoni, ndani ya mbeleko, mama akipalilia mtama. Alimwona kanyamaza, akadhani kalala, akaendelea kumwimbia mpaka mwisho wa shamba. Tangu siku ile hakusikia njaa wala uchungu. Alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

Mbeleko akaifungia sandukuni. Ilikuwa ya nyanya yao, na kila mtoto wa ukoo hubebwa humo. Sasa mdogo wake, Radhiya, alikuwa na mimba pevu na haya zilimzuia kuiomba. Mama yao ndiye aliyesema, "Mwanangu, itoe yeo hii, usingoje kesho."

"Mwanangu alikufa humo nami sina habari. Simpi ndugu yangu nguo hiyo."

Mwaka ule, wa hamsini na sita, akaja Mzungu aliyechunguza wanyama wanaobeba watoto wao. Hadia akawa akimwoshea chupa. Kazi haikumpendeza wala kumchukiza. Chupa moja ilikuwa na kamba wa mitoni huko kwao, sura ya kambakoche mdogo, watoto tele wamemng'ang'ania chini ya mkia. Asubuhi moja Mzungu akaja na popo jike aliyemnasa magofuni, kitoto kimemganda kifuani.

"Kamba huachana na watoto wakijua kutembea," akasema, Kiswahili chake cha kusukumasukuma. "Popo huruka na mtoto wake mpaka amlemee."

Hadia akainama. Popo mama alikuwa akihema. Kitoto kilikuwa kikavu.

"Bwana, hiki mbona kimekufa!"

"Kitambo. Naye alikuwa akiruka nacho. Nadhani hakujua."

"Na masikio yote hayo?"

"Na masikio yote hayo."

Kucha za kitoto zilikuwa bado zimeshika manyoya. Hadia akaiweka chini chupa aliyokuwa akiiosha, akaenda zake bila kuaga. Nyumbani akafungua sanduku, akaitia mbeleko majini, akaifua akiimba wimbo ule ule wa shambani. Katikati sauti ikamkatika.

Radhiya akatokea mlangoni, tumbo mbele. "Dada! Unalia?"

"Nalia, ndiyo. Njoo ushike upande huo, tuikamue."