Jina la Misalaba Sitini na Miwili

Msomaji, jina lako lina misalaba mingapi? Hata mimi, mwenye digrii na asiye na kazi, sikujua mpaka Jumanne, nilipopanga foleni katika ofisi moja ya serikali hapa Tanga kuomba ukarani kwa mara ya tano.

Mbele yangu bibi mmoja wa Mwera aliomba leseni ya kuuza vitambaa sokoni. Karani akamsukumia fomu bila kumtazama.

"Bibi, kama hujui kuandika, tia msalaba hapa."

"Mmoja tu, mwanangu? Jina langu lina sitini na miwili."

Akakunjua kitambaa alichodarizi jina lake kwa mishono ya misalaba, akaanza kunakili misalaba midogo, mmoja mmoja, hadi jina zima likasomeka.

"Nonsense! Hii si saini," karani akafoka. "Rudi na mtu aliyesoma."

Nikamfuata bibi nje, nikamwamkia, nikamuuliza alijifunza wapi kuandika hivyo.

"Ndani, nikikaa eda ya marehemu mume wangu. Binti yangu alinichorea herufi, mie nikahesabu matundu ya kitambaa. Ukihesabu, moyo unatulia."

Moyo wangu, pamoja na vyeti vyangu vyote, haujatulia hata siku moja.

Nawe Bwana Mkubwa wa wilaya, ukisoma haya, ujue bibi yule ameandika mbele ya macho yetu. Mpe leseni yake wiki hii, na huyo karani afundishwe kusoma.