Dirisha la Nne Upande wa Kulia

Mzungu wa pamba alipoondoka baada ya uhuru, kila mtu aliikimbilia nyumba yake kubwa. Wa kwanza walichukua vitanda, wa pili milango, wa mwisho wakang'oa mbao za dari. Mimi sikuchungulia hata uani. Nyumba inayogombewa na watu wengi sikuitaka hata bure. Nilishuka hatua mia na kumi hadi zizi la farasi, nikapanda tena nikizihesabu. Mia na kumi. Mbali ya kutosha.

Farasi wenyewe walikufa zamani. Mbung'o wa bondeni hawakuwapa hata mwaka. Lakini zizi lao lilijengwa kama la kulaza askofu: matofali ya kuchoma, vigae vyekundu, na katikati tao pana ambamo gari la farasi lingepita bila kugusa ukuta. Kila upande wa tao kulikuwa na madirisha manne yenye vibao vya kijani, yakitazama ziwa. Ndani, sakafu iliinama kuelekea mfereji ili mkojo usituame. Milango ilikatwa nusu, juu ikifunguliwa chini inabaki imefungwa, na upepo wa ziwa uliingia madirishani ukatokea kwenye matundu ya dari ya kuwekea nyasi. Nilinusa nikajua kwamba ndagala zangu, hao samaki wadogo wakavu ninaouza, hawataoza humu.

Funguo zilibaki kwa zamu, yaani mlinzi, wa yule mzungu, mzee kutoka milima ya Bijombo, Mprotestanti asiyekunywa pombe na asiyecheka. Ng'ombe wake walilala upande wa kushoto. Upande wa kulia alinikodisha vyumba vinne, kila kimoja na dirisha lake, malipo yakiwa chumvi ya ng'ombe.

Niliingia, nikahesabu. Nikatoka, nikahesabu tena.

"Muzee, inje iko madirisha ine. Ndani minye naona tatu."

"Iko vile iko, Mama."

"Weye umekaa hapa miaka yote, hujahesabu?"

"Kwetu hatuhesabu ng'ombe, utaita kifo. Sasa nyumba ya ng'ombe nitahesabu ya nini?"

Jibu la namna hiyo, sokoni, ndilo linalonifanya nifungue gunia hadi chini. Chumba cha mwisho, walimokuwa wakitundika matandiko ya farasi na hatamu za ngozi, kilikuwa na giza na ukuta mzima. Kwa nje vibao vya dirisha lake vilipigwa misumari sita. Niliugonga ukuta, haukusema kitu. Nilipima kwa macho: kati ya vibao na ukuta mkono wangu ungeingia. Penye mkono, bunduki inaingia. Na mzee, kila jioni, alikaa juu ya jiwe chini ya dirisha hilohilo. Jiwe jingine lilikuwepo, zuri zaidi, chini ya dirisha la kwanza. Hakulikalia hata mara moja.

Kisha uasi ukafika. Wapiganaji waliuchukua mji, wakaanza kutafuta silaha zilizoachwa na wazungu. Aliyekutwa nazo hakupata nafasi ya kueleza. Hapo ningefunga mdomo. Lakini mzee alikuja kunidai chumvi yake katikati ya soko la Kavimvira, mbele ya wateja, na mimi mbele ya wateja sijui kunyamaza.

"Unataka chumvi ya madirisha ine, nami nimepata tatu! Hiyo ya ine unafichamo nini, Muzee?"

Watu walicheka. Niliwahesabu waliocheka: tisa. Yule ambaye hakucheka sikumhesabu.

Asubuhi yake wapiganaji watano walisimama chini ya tao. Komanda wao alimvuta mzee kwa kola.

"Madirisha iko ngapi?"

"Sihesabu."

"Hesabu!"

"Komanda, minye sihesabu."

Komanda aliinua bunduki. Mzee alifumba macho, midomo ikisali. Miguu yangu ilitaka kwenda nyumbani. Lakini chumba cha giza kilikuwa na vikapo vyangu kumi na vinne, na kila mtu alijua ni vyangu. Zaidi ya hapo, maneno yaliyomfikisha pale yalitoka kinywani mwangu.

"Komanda," nilisema, "ukimuua mbele, nani atakuonyesha? Fungua kwanza. Kuua hakutakimbia."

Alinitazama kama ninavyomtazama anayetaja bei ya kwanza. Akaamuru misumari ing'olewe. Nilihesabu mpaka sita, na wallahi, nilikuwa na hakika tutaona mitutu.

Tuliona matofali. Yamepangwa vizuri, yamepakwa rangi nyeusi, na maganda mawili ya mayai ya mjusi. Halikuwahi kuwa dirisha.

"Muzungu gani anajenga dirisha la uongo?" Komanda aliuliza.

Nilirudi nyuma hadi barabarani, nikaelewa. Nne, tao, nne. Chumba cha matandiko hakikutaka jua, jua linapasua ngozi. Lakini mpita njia alipaswa kuona pande mbili sawa. Nilimweleza Komanda. Hakuniamini, nami nisingejiamini. Walitoboa ukuta kwa sururu mpaka wakaona vikapo vyangu upande wa pili, wakachukua viwili, wakaondoka.

Mwanga uliingia chumbani kwa mara ya kwanza. Mzee alikaa kwenye jiwe lake.

"Muzee, kwa nini unakaaga hapa tu?"

"Kwa sababu hapa tu ndagala zako hazikuninukia, Mama. Sasa mumetoboa. Na nani alisema tatu, pale sokoni?"

Alijua, siku ile alikuwa amesimama mbele yangu.

Tangu siku hiyo, kila nilipoingiza mzigo, alisimama chini ya tao na kuhesabu vikapo vyangu kwa sauti, mara mbili, vikiingia na vikitoka.

"Ulisema kwenu hamuhesabu," nilimwambia.

"Ng'ombe, Mama. Hatuhesabu ng'ombe."