Unga Uliolala na Nguo za Sikukuu

Mimi ni mtu wa ndani. Hapa mtaani kwetu Junda kuna majirani waijuao sauti yangu, lakini uso wangu wakiuona watauliza ni mgeni wa nani. Ndiyo maana napenda akiba: unga ukiwamo ndani, sina haja ya kutoka. Kabla ya Ramadhani nilimwagiza mwenye duka wa mtaani aniletee kutoka soko la Kongowea beli zima la unga mweupe, pakiti kumi na mbili, nikaona nimeshamalizana na dunia.

Ukuta wa jikoni kwetu hutokwa jasho masika yakiingia, na sisimizi wana barabara yao pale. Basi pakiti nikazipanga kabatini chumbani, chini ya nguo za sikukuu. Kabati hilo mimi hulifukiza udi kila Ijumaa. Mdogo wangu, mwenye pua kama ya paka, akaniuliza, "Dada, unga huo waenda nao harusini?" Nikamwambia aniache.

Ukafika mwezi wa Maulidi, ikaja posa ya huyo mdogo wangu. Wageni wangefika Ijumaa baada ya alasiri. Mama aliniachia jambo moja tu: mkate wa mayai. Posa ya kwanza ya mdogo wangu ilikuwa imeshavunjika, na mama wa kijana huyu, tuliambiwa, ni mtu wa kutafuna polepole huku akiangalia ukuta. Tangu Alhamisi sikukaa kitini kikapata joto.

Ijumaa, wanaume walipokwenda kuswali, nikafungua pakiti moja. Hamna vidudu, hamna utando, hamna mabonge. Nikachekecha, chekecheke ikabaki safi. Nikanusa. Udi. Nikafungua ya pili. Udi. Unga ukiharibika hunuka kama mafuta ya zamani, hilo nalijua, lakini huu wangu ulinukia kama bibi harusi. Nikaenda dirishani kuvuta hewa, nikarudi, nikanusa tena.

"Dada, wanusa unga au wavuta tumbaku?" Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, nywele zimejaa mafuta ya nazi.

"Njoo uonje."

Akaramba kidogo, akakunja uso. "Mchungu huu."

"Ni udi."

"Udi haufanyi uchungu, wallahi. Huu umeoza, umejipaka manukato."

Nikakanda kidonge, nikakichoma kikaangoni, nikakitafuna. Nilikitema dirishani.

"Nenda dukani," akasema.

"Mimi?"

"Mimi ndiye niposwaye. Mama yuko kwa jirani aazima vikombe. Amebaki nani?"

Nikavaa buibui juu ya kanga iliyojaa unga, nikatoka na ndara za chooni. Duka limefungwa, mwenyewe yuko msikitini. Nikaketi kibarazani kwake, nikasimama, nikaketi tena. Jua lilinipiga kama lililonisubiri miaka. Msichana akapita, nyumba yao ni ya tatu kutoka kwetu. "Shikamoo. Mwamtafuta nani mtaa huu?"

Mwenye duka aliponiona akaharakisha hatua. "Kheri? Nani kafa kwenu?"

"Nataka unga. Pakiti moja."

"Moja? Si wewe mwenye beli?"

Alipofungua nikaweka pesa, nikaikumbatia pakiti. Nikarudi mbio.

Wageni waliingia makaa bado yako juu ya kifuniko cha sufuria. Mama akazirefusha salamu: akauliza wazima, akauliza wagonjwa, akarudi kwa wazima. Mkate ukatoka umesimama vizuri, iliki yanukia yenyewe. Mimi nikajificha nyuma ya pazia, nabadilisha mguu huu na huu. Mama wa kijana akatafuna. Akaangalia ukuta. Akatafuna tena.

"Nani kapika?"

"Dadake," mama akasema, sauti nyembamba.

"Mashaallah. Nifungieni kipande nimpelekee kijana, ajue anakooa."

Nikaketi sakafuni pale pale. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi nikatulia tangu Alhamisi.

Walipoondoka, nilizitoa uani pakiti zilizobaki, na mdogo wangu akazionja moja moja kwa ncha ya ulimi. "Tupa. Tupa. Hii nayo… tupa."

"Sasa ukiolewa, nani ataniambia?"

"Utanunua pakiti moja moja, dada. Utoke, upigwe jua, watu wakujue."

Nikamwambia aolewe upesi.